Waya Mmoja Uliobaki Mlimani

Nyumba ya Mlinzi,
Glen Orran, Uskoti.
9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Oighrig,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku kwenye baridi isiyo na adabu. Goti linaendeleaje, na Kanada wanakutunza? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Kaka yako anakula, ila usingizi hana. Uliuliza pia habari za Breac, mbwa wake. Hilo nitalifikia.

Unajua tangu Novemba sheria imepiga marufuku mitego ya waya. Baba aliwaka! Miaka arobaini amewalinda kware wa tajiri mwenye mlima huu wasiliwe na mbweha, kwa nyaya zilezile, kila mmoja na kibati chenye namba aliyopewa na polisi. "Hao wabunge hata kuku hawajafuga," alifoka. "Mbweha akinaswa anatulia tu, anangoja." Hata hivyo alizunguka mlima akaziondoa zote. Au ndivyo tulivyodhani. Kumbukumbu yake siku hizi, Shangazi, si ile unayoijua.

Mwezi uliopita Breac alipotea. Tulimwita mpaka sauti zikatukauka. Tulimkuta kwenye pengo la ukuta wa mawe, juu ya kijito, waya shingoni, amekufa. Wala hakuwa ametulia. Alikuwa amechimbua ardhi kote alikofika, kucha zimeng'oka. Baba akakigeuza kibati, akaiona namba yake.

Nikamwambia, "Baba, tumzike hapahapa. Nani atajua? Wakijua, nyumba imekwenda." Si unajua nyumba ni ya kazi, kazi ikiisha nasi tuko nje.

"Koma, Iseabail," akasema. "Miaka yote nimewaambia watu uongo bila kujua. Leo najua."

Akambeba Breac hadi nyumbani, akawapigia polisi mwenyewe. Nilimgombeza sana, Mungu anisamehe.

Tajiri amemwachisha kazi, na mwisho wa Mei tuwe tumehama. Kwenda wapi, sijui. Roho inaniuma, Shangazi. Baba anashinda jikoni na ukanda wa mbwa mkononi, na kuwatukana wabunge ameacha.

Nisalimie Mjomba Torquil na dada Catriona. Mungu awafunike nyote na mkono wake.

Mwandikie Baba upesi, tafadhali. Ila mwishoni usiweke ile salamu yako ya siku zote kwa Breac.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye,
Iseabail