Binti Huyu Hana Kazi

Jumatatu, 3 Machi

Zamu imeanza saa nane mchana. Mteja wa kwanza: kabati limefika bila skrubu. Samahani sana. Wa pili: kabati limefika, skrubu zipo, ila yeye halitaki tena. Samahani sana. Kutwa naomba radhi kwa niaba ya duka la samani ambamo sijawahi kutia mguu. Duka liko Ulaya. Mimi niko Lufingo, nyumbani kwa Mama, mvua inapiga bati na vidole vimekufa ganzi.

Katikati ya zamu Mama akaingia. Nikaanue kuni, si nimekaa tu. Nimekaa tu! Mwaka wa pili huu nasikia hilo neno. Nikaanua. Kurudi, mteja ameshaanza kuandika kwa herufi kubwa.

Visa bado kimya.

Jumatano, 5 Machi

Wamekataa.

Leo siandiki. Nitachana karatasi.

Alhamisi, 6 Machi

Haya. Visa yenyewe ni ya watu kama mimi, wanaofanya kazi kwa mtandao na mwajiri yuko nchi nyingine. Unakwenda kuishi kwao mwaka mmoja, kazi yako unaibeba. Jina la nchi silitaji, nisijitie nuksi. Mkataba nilipeleka. Mishahara benki ilionekana. Kilichoniangusha ni barua ya makazi ya mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Ambakisye. Aliitia kwenye bahasha mwenyewe, akagonga muhuri juu ya gundi, na mimi na adabu zangu za kijinga sikuifungua. Nikaituma kwa basi kwa wakala Dar, akaitafsiri, akaipeleka. Leo kanitumia picha ya hiyo barua.

"Binti huyu ana tabia njema, anaishi na mama yake mjane, hana kazi yoyote. Tunaomba asaidiwe."

Asaidiwe! Nimeomba visa ya wafanyakazi, mzee kaniombea sadaka. Nimecheka hadi nikalia, halafu nikapiga teke ndoo. Kidole kimevimba.

Jumapili, 9 Machi

Nimemsubiri Mzee Ambakisye nje ya kanisa. Kosa halioni kabisa. Ndivyo anavyowaandikia watu wote: wagonjwa wanaoomba msamaha wa matibabu, wanafunzi wanaotafuta wafadhili. Ukiandika mtu ana kazi, nani atamhurumia? Alitaka wazungu wanihurumie.

Nikaomba aandike nyingine. Hawezi. Hawezi kugonga muhuri kwamba sina kazi, kisha augonge tena kwamba ninayo. Ataonekana mwongo. Halafu, kwa upole kabisa, mbele ya Mama na nusu ya kwaya: "Kwani binti yangu, unafanya kazi gani?"

Mama akatazama viatu vyake. Angesema, "Ana kazi," basi yangekwisha pale pale.

Nawachukia wote wawili.

Jumanne, 11 Machi

Wakala anasema rufaa inapokelewa mpaka mwisho wa mwezi. Bila barua mpya ya makazi nisijisumbue. Nimekwenda kwa mtendaji wa kata, kanirudisha kwa mwenyekiti. Eti yeye ndiye anayenijua. Ananijua nini yule?

Kila msiba naitwa mimi. Maji mimi, kumenya ndizi mimi, kulala na mgonjwa mimi. Mwalimu haitwi, nesi haitwi, hata dada wa dukani haitwi, wana kazi. Ninachotaka ni mwaka mmoja tu mahali ambapo nikisema niko kazini, mtu anasema sawa. Basi.

Nimepika, nikamwekea Mama chakula. Sikula naye.

Ijumaa, 14 Machi

Mzee katuma ujumbe. Atakuja kesho kuiona hiyo kazi kwa macho yake. Kuikagua! Kama bwana mifugo. Nilitaka kukataa. Sina ubavu wa kukataa.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja na koti la mvua na muhuri mfukoni. Mama akampa chai ya maziwa. Wakaketi nyuma yangu, wakanitazama kisogo. Saa nzima hakuna mteja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu akaingia mtandaoni mama mmoja, kitanda chake kimevunjika. Mzee akataka nimsomee kwa Kiswahili kila neno. Nikasoma. Kwamba mimi ni mpumbavu. Kwamba shule sikusoma. Kwamba watu wa aina yangu tunamharibia maisha. Nikaandika samahani sana, asante kwa uvumilivu wako.

Kisha Mama: "Umemwambia asante?"

Ndiyo.

"Huwa wanakutukana hivi?"

Kila siku, Mama.

Akasimama. Sijawahi kumwona na uso ule. Akamwambia yule mwanamke, yaani akaiambia kompyuta, maneno ya Kinyakyusa ambayo siyaandiki hapa. Mzee akaweka kikombe chini. "Anatukanwa na anashukuru," akasema. "Hiyo ni kazi. Mimi nisingeiweza."

Kwa hiyo miaka miwili ya mshahara si kazi. Kutukanwa ndiyo kazi. Nina hasira hata na ushindi wangu.

Jumatatu, 17 Machi

Barua ninayo. Safari hii nimeisoma kabla ya bahasha, adabu baadaye. "Barua ya kwanza niliandika kwa kutoelewa. Binti huyu ameajiriwa. Nimeshuhudia mwenyewe. Kazi yake ni ngumu na ana subira." Subira! Angeona shajara hii.

Nimeshuka Tukuyu, nikaipakia kwenye basi la Dar.

Alhamisi, 20 Machi

Kuna msiba kwa jirani. Wanawake wamekuja kuniita katikati ya zamu. Mama akawazuia mlangoni. "Yuko kazini," akasema. "Anatukanwa na wazungu, mwacheni." Akachukua kisu, akaenda yeye.

Sikujua niweke wapi mikono.

Bado namkasirikia. Miaka miwili ni mingi.

Jumatano, 9 Aprili

Wamekubali. Mwaka mmoja.

Nilisoma mara nyingi, kisha nikampigia wakala anihakikishie. Ni kweli. Nimemwambia Mama akiwa anakamua ng'ombe. Akasema asante ya kwetu, ndaga, akaendelea kukamua. Nikakasirika. Nilitaka nini, vigelegele?

Tiketi nimekata leo leo.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo sina zamu. Mvua imepumzika. Nilikuwa napanga nguo, Mama akaja kukaa kitandani na beseni lake la ndizi.

Akauliza kama huko nimepata kazi nyingine. Nikasema hapana, ni ileile. Duka lilelile? Lilelile. Kwa kompyuta hiihii? Hiihii.

Akamenya ndizi mbili tatu.

"Sasa kama kazi inafanyika hapa, mwanangu, unafuata nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu. Nikatafuta ile hasira yangu nimjibu nayo, sikuiona. Nikasema umeme huku unakatika sana. Akaitikia, kweli unakatika.

Nikachukua kisu kingine nikamsaidia kumenya.