Mstari Wako wa Jivu

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, huko uliko. Leo asubuhi nilikuwa kiwanjani kwetu Ngamiani, umande haujakauka, nikasimama golini kama mtu aliyesahau alichokifuata. Kwa kitambo nilikuona ukienda kinyumenyume, khanga umeikaza kiunoni, kopo la maziwa lililotobolewa chini likiwa mkononi, na jivu likishuka taratibu juu ya nyasi.

Unakumbuka ilivyoanza? Miaka ile ya foleni, sabuni ya kufulia jezi zetu ukiitafuta kama dawa, na chokaa dukani hakuna. Wakubwa wa klabu wakaona ikachomwe kwenu Tongoni. Matumbawe yakang'olewa baharini, mikoko ikakatwa iwe kuni za tanuri, nasi tukachorewa mistari myeupe, tukajiona timu ya taifa. Wewe ulikuwa mfuaji wa jezi tu, mkutanoni huna kiti. Ukasimama mlangoni na beseni lako.

"Nyie mwacheza saa moja na nusu," ulisema. "Kule kwetu wanawake warudi pwani na vikapu vitupu. Tumbawe ndiyo nyumba ya samaki. Mwaichoma nyumba ya watu mpate kupiga mpira?"

Mwenyekiti akakuuliza kwa kejeli, basi tuchore kwa mate?

"Kwa jivu," ukamjibu, ukaenda zako kuanika.

Wakakubali ujaribu, nami nilikuonea haya, Shangazi, nikwambie kweli. Mimi kipa wa timu, kijana wa kutazamwa na wasichana, napita nawe nyumba kwa nyumba kupiga hodi kuomba jivu. Wapinzani wetu wa Pongwe wakatuita timu ya jikoni. Lakini ulilichekecha mpaka likawa laini kama unga, na kila asubuhi ya mechi mtaa mzima ulikuwa na harufu ya moto uliozimika. Siku hizi nikiisikia harufu ile popote, moyo wangu unalegea.

Kisha ikaja fainali na hao hao Pongwe. Mpira uliniponyoka mikononi. Niliufuata kwa kifua nikaulalia, ukiwa umeshavuka. Mwamuzi akapuliza, goli. Nikainuka nikipiga kelele, mstari uko wapi? Haukuwepo, maana nilikuwa nimeufuta mwenyewe kwa kuuburuzia kifua. Tukafungwa kwa goli hilo moja.

Jioni klabuni wakaniuliza kulikoni. "Jivu limepeperuka," nikasema. "Mstari sikuuona."

Niliuona, Shangazi. Niliuona mwembamba na mnyoofu, kama ulivyouacha asubuhi. Niliona haya kusema kwamba niliudaka vibaya.

Maneno yangu yaliwatosha. Msimu uliofuata maduka yalishaanza kujaa, mitumba inauzwa waziwazi, na klabu ikarudi kwenye tanuri la Tongoni. Hukugomba. Ulikuja na fulana yangu ya kipa, imekunjwa vizuri, ukaniwekea mapajani.

"Hii sikuifua," ulisema.

Nikaikunjua. Jivu lilikuwa limegandamana na jasho kifuani, kutoka kwapa hadi kwapa.

"Ndio upepo gani huo, mwanangu, uliovaa fulana yako?"

Hukumwambia mtu. Ulirudi kwenu Tongoni ukazeeka huko, na kila nilipokuja kukuamkia tulizungumza habari za mihogo. Nilikuwa na miaka mingi ya kukuomba radhi nikaila yote. Tulipokuzika, ufuko ulikuwa mweupe mtupu pale ilipokuwa mikoko.

Ijumaa iliyopita wanachama walikutana, na habari ya chokaa ikazuka tena: tuiache turudi kwenye jivu? Mzee mmoja akakumbusha kwamba jivu lilishatukosesha kombe. Nikasimama, nikaitoa fulana kwenye mfuko, nikaishika juu. "Mstari ulikuwepo," nikawaambia. "Mimi ndiye niliyeufuta."

Kisha katibu wetu, binti wa kizazi hiki, akauliza kopo lako lilikuwa na matundu mangapi. Sikujua. Nilitembea nawe mtaa mzima na sikuwahi kulitazama.

Ndiyo maana leo nilikuwa kiwanjani. Nimetoboa kopo kwa kukisia, nikaenda kinyumenyume kama wewe. Nilipoinua uso mstari ulikuwa umepinda vibaya. Ungenicheka. Nimeuacha hivyo hivyo, na wachezaji wameukubali.

Lala salama, Shangazi yangu. Fulana bado sijaifua.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
niliyeuona mstari.