Msaada kwa wa Zamani

12 Agosti

Mpwa wangu,

Natumai hujambo, na mumeo na mtoto nao hawajambo. Huku sisi ni wazima, ukiacha goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linataka kubembelezwa kabla ya kila ngazi.

Nina habari njema. Chuo cha wauguzi kimenipa kazi ya kutarizi nembo za sare zote za mwaka mpya. Mashine ya kutarizi ni nzima. Inayonisumbua ni ile kompyuta ya mezani inayoiendesha. Chuo kinatuma michoro kwa barua pepe, nayo inakataa kuifungua. Kila asubuhi inanitolea kisanduku chenye Kiingereza kirefu, nami nakifunga kwa heshima, kama mtu anayemfungia mlango muuza vyombo. Hivi ina nini?

Swali la pili naliuliza kwa sauti ya chini. Ile kodi ya karakana unayonisaidia kila mwezi, utaweza kuendelea nayo mpaka kazi hii iishe? Ukishindwa niambie tu. Mimi ni mtu mzima, ingawa mke wangu ana mashaka.

Mjomba wako

25 Agosti

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa goti. Nisamehe kuchelewa. Kazini tumepewa kompyuta za ofisi nzima tuzibadilishe, sina nafasi hata ya kukohoa.

Kuhusu swali lako, nisikuzungushe. Msaada kwa wa zamani unakoma mwezi wa kumi. Sikuamua mimi, wameamua wakubwa, na hawabembelezeki. Ukweli ni kwamba umechoka, umejaa viraka, kila asubuhi unachukua muda mrefu kuamka, na siku yoyote utaanguka katikati ya kazi. Kuendelea kuubeba mzigo huo ni hasara. Naomba usichukie, mambo ndivyo yalivyo siku hizi.

Nitaandika zaidi nikipumua.

Mpwa wako

3 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikamsomea na mke wangu, kisha tukanywa chai.

Sikukasirika. Kwamba nimechoka, ni kweli. Kwamba nimejaa viraka, sijui nani alikuambia habari za suruali yangu ya kazini, lakini ni kweli. Kuhusu kuchelewa kuamka, mke wangu alitikisa kichwa kukubali, tena haraka kuliko nilivyopenda. Hao wakubwa walioamua nadhani ni wakwe zako. Usigombane nao kwa ajili yangu. Umenibeba miaka, nami nashukuru.

Bila msaada wako karakana siiwezi, kwa hiyo nimekata shauri. Chuo nimewaambia watafute mtu mwingine. Mashine ya kutarizi nitamuuzia jirani yangu, yule fundi cherehani tunayemwita Bwana Pindo. Atakuja Jumamosi na mkokoteni. Kompyuta nitaizima siku hiyohiyo. Mimi nitarudia sindano ya mkono, hiyo haina cha kuharibika.

Wasalimie wote, hao wakubwa pia.

Mjomba wako

4 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nimepiga simu, haipatikani. Tafadhali soma hii kabla mkokoteni haujafika.

Wa zamani ni MFUMO. Mfumo wa kompyuta yako, ule unaowaka kabla ya programu nyingine zote. Umechoka mfumo, umejaa viraka mfumo, utaanguka mfumo. Wakubwa ni wa kampuni iliyoutengeneza: wameacha kuurekebisha, na hicho ndicho kile kisanduku kinachokuambia kila asubuhi. Nilikuwa nimeamka na mifumo, nimelala na mifumo, nikasahau kutaja ninachokisema. Nimecheka, kisha nikaona haya, maana uliamini kwamba naweza kukuandikia maneno yale.

Usiuze mashine. Wala usiuguse huo mfumo, kwa sababu mashine yako ni ya kale na haielewi lugha ya mifumo mipya. Fanya hivi: chomoa waya wa intaneti kwenye hiyo kompyuta, na usiurudishe kamwe. Isipotoka nje, haitaletewa maradhi. Ibaki na kazi moja, kuendesha mashine. Ninakutumia kompyuta nyingine yenye mfumo mpya. Hiyo itafungua michoro ya chuo, nawe utaihamisha kwa flashi.

Swali la kodi sikulijibu kwa kuwa sikuliona kama swali. Tangu lini mtu akaulizwa kama ataendelea kuwa mpwa?

Mpwa wako

2 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera kwa kumaliza ofisi nzima. Sisi hatujambo.

Barua yako ilitukuta mashine iko tayari juu ya mkokoteni. Bwana Pindo alikuwa anaifunga kamba, mimi naingia ndani kuizima kompyuta, mke wangu akaona jina lako kwenye kioo cha kompyuta, barua pepe imeingia. Aliisoma kwa sauti, barabara nzima ikasikia. Bwana Pindo akaiachia kamba akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo aliyechoka si wewe?" Nikamwambia hata mimi nimechoka, ila msaada wangu haujakoma.

Hakucheka sana. Neno ni neno, nami nilikuwa nimempa langu. Tumeelewana kwamba mashine inabaki hapa, na kila Jumamosi ni yake. Jumamosi ndiyo siku yangu bora ya wateja, lakini kosa langu silitupi mlangoni kwa mwenzangu.

Kompyuta mpya imefika salama. Inaamka kabla sijavuta kiti, inanitia aibu. Michoro ya chuo imefunguka yote, flashi inakwenda na kurudi, ile ya zamani inatarizi bila kujua kinachoendelea duniani.

Kisha nilivaa suruali isiyo na kiraka nikaenda chuoni kuwaambia nimerudi. Mkuu wa chuo alisikiliza, akasema nusu ya kazi amekwisha kuipeleka kwa kampuni kubwa, nami nitapata nusu iliyobaki. Nembo zangu na za kampuni zikifika, atazipanga pamoja mezani na kuzilinganisha.

Mwache alinganishe.

Mjomba wako