Kidole Gumba cha Orrin

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka hoi. Mwenzangu wa jikoni anaumwa, kwa hiyo leo shule nzima nimeipikia peke yangu, nikapakua peke yangu, nikasugua masufuria peke yangu. Halafu gereji. Kibandiko cha kwenye kioo cha gari kinanidai kubadilisha oili tangu Januari. Mume wangu Orrin angekuwa ameshaimwaga mwenyewe, amelala chini ya gari, redio ikitangaza bei za mahindi.

Pale gereji anayepokea wateja ni Lyle Kucera. Nilimpakulia chakula tangu yuko darasa la kwanza, hakuwahi kumaliza karoti zake. Nimekaa na kahawa yao chungu, mara huyo anakuja na filta yangu ya hewa, kaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Mama Lindvall, hebu iangalie. Nikaiangalia. Chafu, sawa. Lakini kazi ya filta si ndiyo hiyo, kunasa uchafu?

Hakuishia hapo. Gia boksi isafishwe kwa mashine. Nozeli zisafishwe. Oili ya stelingi imwagwe yote. Tairi zijazwe naitrojeni badala ya hewa – naitrojeni! Na breki za mbele, pedi zimekwisha. Nikasema badilisha oili ya injini, mengine nitafikiria. Akashusha sauti: mama, wewe kila siku uko barabarani kwenda hospitali, na theluji yote hii. Usije ukakwama huko mashambani peke yako.

Hilo limeniingia. Najua ndiyo maana analisema, lakini limeniingia.

Orrin leo kalala tu. Wiki ya sita tangu kiharusi. Mkono wa kulia hauna kazi, maneno hana. Nimemnywesha supu, nimemfuta kidevu, nimeondoka.

Jumanne, 5 Machi

Sijui nianzie wapi.

Daktari Pruitt anasema tumwongeleshe, hata kama haelewi. Na yeye anaamini haelewi. Ijumaa ndiyo kikao cha kumpima. Wakiona haelewi anachoulizwa, mazoezi yanasimama na anahamishiwa nyumba ya wagonjwa wa kudumu, huko wanakomgeuza mtu kitandani ubavu huu na ubavu huu, basi. Wakiona anaelewa, anabaki kwenye mazoezi, na baadaye labda nyumbani. Ndivyo ilivyo.

Basi namwongelesha. Habari zote zimeisha: theluji nimesema, shule nimesema, mbwa wa jirani nimesema. Nikaanza ya gari. Nikamwambia, mzee, Lyle anataka kunijazia tairi naitrojeni.

Mkono wa kushoto ukainuka kutoka kwenye blanketi. Gumba chini.

Gumba lile lile. Miaka thelathini na minne ya ndoa nimeliona: kwenye vikao vya kanisa, kwenye matangazo ya uchaguzi, kwenye gauni langu la njano. Nikasema, na gia boksi, isafishwe kwa mashine? Gumba chini. Nozeli? Chini, na nyusi ikapanda, ile nyusi yake ya kusema huyu ananiona mimi nani. Oili ya stelingi? Chini. Filta ya hewa? Akafikiria kidogo. Chini. Nikakumbuka kumbe aliiweka mpya mwenyewe kabla ya Krismasi.

Nimelia kwenye lifti. Kuna mwanamume aliyebeba maua akanipa leso yake, sijui hata kama nimeirudisha.

Jumatano, 6 Machi

Nilimngoja daktari mlangoni kama mdai. Nikamweleza yote. Ni mpole huyu mwanamke, hajawahi kunikatisha, ila ana umri wa kuwa binti yangu na viatu vyake havilii anapotembea, unashtukia tu yuko nyuma yako. Akaingia, akainama kitandani. Mzee Lindvall, hii ni kalamu? Mzee Lindvall, sasa hivi ni majira ya joto? Wewe ni mwanamke?

Orrin akageuza macho dirishani.

Namjua. Hivyo ndivyo anavyowafanyia wauza bima. Mtu aliyeendesha greda la kuondoa theluji la kaunti miaka yote ile, unamuuliza kama ni majira ya joto? Nikamwambia daktari, muulize ya gari. Akacheka, akasema mimi gari langu najua kulijaza mafuta tu, nitajuaje kama kanijibu sawa? Nikasema nitakutafutia anayejua. Akasema haya, mlete, hata kwa simu.

Halafu kwenye korido akasema jambo, kwa upole kabisa. Mama, hayo yote uliyomuuliza, kuna hata moja aliloitikia? Nikasema hapana. Akasema, mtu anayekataa kila kitu hatujui bado kama kajibu.

Nimekaa garini kwenye maegesho mpaka vioo vimeganda. Ni kweli. Chini, chini, chini, chini, chini. Hata mkono unaojirukia wenyewe ungefanya hivyo. Na ya breki sikumuuliza. Nilijiambia nimesahau. Sikusahau, niliogopa jibu lake.

Nyumbani nimekula biskuti za chumvi nimesimama. Sina hamu ya chochote.

Alhamisi, 7 Machi

Theluji tena. Dakota nzima nyeupe, huoni barabara inaishia wapi na shamba linaanzia wapi. Asubuhi gari linalia ninapokanyaga breki, lakini kwa baridi hii kila kitu kinalia, hata mlango wa friji ya shule.

Nimekaa na Orrin saa nzima na swali mdomoni. Mzee, breki za mbele? Maneno manne tu, na yeye ndiye aliyekuwa akizikagua. Nikamkata kucha badala yake. Akiangusha gumba na breki kweli zimekwisha, basi yule mume wangu wa juzi nilimwota tu. Na kama Lyle alidanganya na hizo pia, gumba chini litakuwa sawa, na daktari bado atasema kakataa kila kitu. Nikifikiria hivyo kichwa kinaniuma. Sijawahi kuomba gari langu liwe bovu. Leo nimeomba.

Nikirudi nikapitia gereji. Lyle akadhani nimekuja kwa ajili ya gia boksi, akasimama na tabasamu lote. Nikamwambia kaa. Kesho saa nane daktari atakupigia simu. Atamuuliza Orrin vitu vyote ulivyotaka kuniuzia Jumatatu, kimoja kimoja, kisha atakuuliza wewe kama kweli vinahitajika. Nawe utasema kweli.

Tabasamu likaondoka. Akatazama mlango wa ofisi ya bosi wake, upo wazi hatua chache tu. Mama Lindvall, akasema, unajua mimi napata riziki yangu wapi? Si kwenye oili. Ni kwenye hizo kazi nyingine. Nikifungua mdomo hapa, huyu ananisikia.

Nikasema najua.

Na nikisema mbele ya daktari, akasema, itakuwa nimejiita mwongo.

Nikasema hilo nalo najua. Sikuja kukugombeza, Lyle. Ungenidanganya wiki yoyote nyingine ningelipa na kunyamaza, nilivyochoka mimi. Lakini huyu ni Orrin. Yule aliyewavuta wewe na baba yako kutoka mtaroni usiku ule wa tufani.

Akakuna shingo. Mwishowe akasema atatoka nje, atasimama nyuma ya mapipa ya oili chakavu, ataongea huko. Halafu akaanza, lakini mama, ile ya breki–

Nikamziba mdomo, kweli kabisa, kwa kiganja, mbele ya wateja. Usiniambie. Nikijua nitaionyesha usoni, na Orrin anausoma uso wangu kuliko gazeti. Akanitazama kama nimeharibikiwa. Labda nimeharibikiwa.

Ijumaa, 8 Machi

Niko kwenye korido, kiti cha plastiki. Wamenitoa. Daktari Pruitt kasema samahani mama, uso wako unaongea. Kumbe si Orrin peke yake anayeusoma.

Kabla sijatoka nilimfunga Orrin vifungo vya shati, lile la buluu alilotaka kuvaa Pasaka. Sikumwambia kitu. Akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mmoja, akaniachia. Sijui maana yake. Inawezekana haina maana.

Mlango haukufungwa vizuri. Nasikia. Simu iko mezani, sauti ya Lyle inatoka humo kama kutoka ndani ya kopo, na nyuma yake malori ya barabara kuu. Kumbe kweli yuko nje, kwenye baridi hii.

Daktari kaanza. Mzee Lindvall, wanataka kusafisha gia boksi kwa mashine. Ifanywe? Kimya. Haya, bwana Kucera? Lyle: haihitajiki. Kwa umri wa gari lile, bado.

Kalamu inaandika.

Nozeli. Kimya. Bwana Kucera? Haihitajiki. Oili ya stelingi. Kimya. Haihitajiki, daktari, ile iko safi. Sauti inazidi kushuka, daktari kamwomba arudie. Filta ya hewa. Ilikuwa na vumbi tu, kasema Lyle, ungeikung'uta ukairudisha. Naitrojeni. Hapo Lyle kacheka kidogo kwa aibu. Daktari, kasema, hewa ni hewa.

Kalamu. Mimi gumba silioni. Nimesogeza kiti, nimeinama, naona tu kona ya kitanda na soksi zake nilizomletea jana. Huyu daktari naye hasemi hata "hm".

Nesi kapita na toroli la vyakula, magurudumu yanapiga kelele mpaka nimetamani kulikalia. Limepita.

Sasa breki. Kasema, mzee Lindvall, kitu cha mwisho. Breki za mbele. Pedi mpya. Zibadilishwe?

Kimya. Hiki ni kirefu kuliko vile vingine. Kitanda kimelia.

Daktari: bwana Kucera, bado uko? Nipo. Je, hizo breki?

Lyle kapandisha sauti. Zile ni za kweli, kasema. Zimekwisha kabisa, daktari, chuma kinasaga chuma. Nilimwambia yule mama, lakini nilimwambia pamoja na yale mengine ya uongo, angejuaje. Asirudi nalo nyumbani leo. Mwambieni asiondoke na lile gari, nakuja kulichukua mwenyewe.

Wiki nzima nimeendesha hivyo kwenye barafu. Lakini si hilo ninalolifikiria sasa, ni gumba.

Kalamu haiandiki. Kiti kimeburutwa, kama mtu anakisogeza karibu na kitanda, na daktari kasema polepole, mzee, hebu nionyeshe tena. Na Lyle huko kwenye simu, nyuma ya mapipa yake, anauliza: kasemaje? Daktari? Mzee kasemaje?

Hakuna anayemjibu. Anauliza tena. Naandika nimesimama, mkono mwingine uko kwenye kitasa