Kumweleza Mama Habari za Seli

Igowole, Jumapili jioni, Julai 1976

Baridi ya leo imeingia hadi kwenye mifupa. Ukungu haujaondoka kwenye mashamba ya chai tangu asubuhi, na mimi tangu nishuke kwenye lori la kutoka Mafinga sijavua koti. Nimewasha jiko la mkaa, nimechemsha chai, imepoa hapo hapo kwenye kikombe. Sina hamu ya kitu.

Muda mrefu sijaandika humu. Nianzie siku ile ya furaha, maana nayo ilikuwepo, na sitaki isahaulike kwa sababu tu ya yaliyofuata.

Mwalimu mkuu alikuwa amefanikiwa kuazima hadubini kutoka sekondari moja ya jirani, kwa siku moja. Watoto wangu wa darasa la saba walikuwa hawajawahi kuiona ila kwenye picha. Shule haina umeme, na hadubini yenyewe inategemea kioo kidogo kinachokusanya mwanga wa jua. Jua la Igowole mwezi huu ni la kubahatisha. Tulibeba meza nje, tukaizunguka, tukasubiri. Ukungu ulipopasuka watoto walipiga makofi kana kwamba mimi ndiye niliyeupasua.

Nilichuna ile ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, nikadondoshea iodini niliyopewa zahanati, nikaweka chini ya lenzi. Walipanga mstari. Kila aliyeinama kutazama alikawia kuinuka.

Wiki zilizotangulia nilikuwa nimewafundisha habari za maada: kwamba kila chenye uzito na kinachochukua nafasi ni maada, jiwe, maji, moshi, hata hewa tunayovuta, na kwamba maada yote imeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Mwili wa mtu nao ni maada hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba ndani ya kiumbe hai atomu zimejipanga zikafanya seli, na seli ndicho kitu kidogo kuliko vyote kinachoweza kuitwa hai. Inakula, inatumia hewa, inakua, inagawanyika ikawa mbili. Mwili umejengwa kwa seli, niliwaambia, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali.

Veronika, binti mmoja mkimya ambaye hukaa dawati la nyuma, alitazama kuliko wote. Kisha akasema, "Mwalimu, ni matofali kweli. Ila matofali hayazai matofali."

Darasa likacheka. Mimi nilijisikia fahari hadi machozi yakanilenga. Nikawaeleza kwamba hapo ndipo penye ajabu. Ukijikata kidole, seli za pembeni mwa jeraha zinagawanyika na kugawanyika mpaka ngozi inajifunga, halafu zinaacha.

"Nani anaziambia ziache?" akauliza Veronika.

"Ndani ya kila seli kuna kiini, na humo kwenye kiini kuna maagizo."

"Na zisiposikia?"

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimemwona kaka yangu Ambakisye. Amesimama karibu na mlingoti wa bendera, kofia mkononi, viatu vimejaa tope. Kutoka kwetu Rungwe hadi Igowole mtu hasafiri kuja kusalimia.

Mama alikuwa amelazwa hospitali Mbeya.

Kumbe uvimbe ulikuwepo kwenye titi muda mrefu, na Mama aliuficha. Aliuficha kwa Baba, kwa Ambakisye, na kwangu nilipokwenda likizo. Aliyejua ni mtu mmoja tu: mama mdogo Sekela, mke wa pili wa Baba. Uvimbe ulipopasuka ukawa kidonda, Sekela ndiye aliyekuwa akichemsha maji kila asubuhi na kumwosha, akaficha vitambaa ili watu wasisikie harufu.

Siri ilipotoka, Baba hakwenda kwanza hospitali. Alikwenda kwa mganga. Mganga akamwambia adui anakula chungu kimoja na mgonjwa. Nani mwingine anakula chungu kimoja na Mama? Baba alimfukuza Sekela siku hiyo hiyo, mtoto mgongoni, mvua inanyesha. Sekela akaenda kwa kaka yake, Mbalizi.

Nilimwuliza Ambakisye, "Na Mama alisema nini?"

Hakunitazama. "Mama naye aliamini."

Niliomba ruhusa shuleni, tukasafiri na Ambakisye hadi Mbeya. Daktari aliyekuwa anamtibu Mama ni kijana, mtu wa Bukoba, mpole. Kinyakyusa hajui, na Kiswahili cha Mama ni kile cha sokoni tu, cha kuuzia ndizi. Kwa hiyo aliponiona na kusikia kwamba mimi ni mwalimu wa sayansi, alishusha pumzi. Akanipeleka maabara. Kipande walichokata kwa Mama kilikuwa kimepimwa Dar es Salaam, na kioo chembamba kilichobandikwa sampuli yake kilikuwa kimerudishwa. Akaniuliza kama ningependa kuona.

Sijui kwa nini nilikubali.

Sikuona matofali. Niliona seli zimerundikana bila mpango, kubwa na ndogo, viini vyake vyeusi vimevimba, nyingine zimekamatwa katikati ya kugawanyika. Daktari akasema polepole kwamba ni kansa, kwamba imeshafika kwenye ini, na kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Kisha akasema, "Mwalimu, naomba uwaeleze wazazi wako. Kwa lugha yao. Mimi wataniitikia tu."

Niliinua kichwa kutoka kwenye hadubini na sikuwa na neno hata moja. Kwa Kinyakyusa hakuna neno la seli. Sayansi nilijifunza kwa Kiingereza, naifundisha kwa Kiswahili, na lugha aliyonifundisha mama yangu haimo humo hata kidogo.

Nilianza na Baba. Tulikaa kwenye nyasi nje ya wodi, yeye, Ambakisye na mimi. Nilieleza kadiri nilivyoweza. Baba alinisikiliza vizuri, ameshika fimbo yake kati ya magoti, hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali ambalo hata chuoni sikulisikia.

"Hivyo vidudu vyako, kila mwanamke anavyo?"

"Si vidudu, Baba. Ndio mwili wenyewe. Kila mtu anazo."

"Basi kwa nini zimeasi za mama yako? Kwa nini si za jirani? Nani aliziamsha?"

"Sijui, Baba. Hata daktari hajui."

"Ninyi hamjui," alisema, na akainuka. "Mganga anajua."

Sikuwa na hasira naye. Nililia baadaye, nyuma ya jiko la hospitali, lakini si kwa hasira. Mtu anayempenda mke wake anataka jina la aliyemdhuru. Mimi nilimpa neno la "sijui".

Kwa Mama nilikwenda peke yangu. Alikuwa amekonda, mikono imebaki mishipa, ila macho ni yale yale. Nilimshika miguu chini ya blanketi nikaanza kuzungukazunguka: matofali, nyumba, maagizo. Akaniacha niendelee mpaka nikachoka mwenyewe.

"Lugano," akaniita, "sema kama unasemea shambani."

Nikafikiri. Nikamwuliza, mgomba ukiota machipukizi unafanyaje? Akashangaa, ni swali la mtoto. Unaacha mawili matatu, akasema, mengine unang'oa. Na usipong'oa? Yananyonyana, akasema, mgomba mkuu unadhoofu, mkungu hautoki, shamba zima linageuka msitu.

Niliona anaelewa. Niliona neno linavyoingia, na nikatamani kulirudisha.

"Machipukizi hayo," akauliza, "ni ya nani?"

"Ni yako mwenyewe, Mama. Yametoka kwenye mwili wako. Hakuna aliyeyaleta."

"Hata Sekela?"

"Hata Sekela."

Aligeuza uso ukutani. Wagonjwa wengine walikuwa wanaletewa uji, vikombe vinagongana, na mimi nimekaa pale nimeshika miguu ya mama yangu. Alipoongea, sauti yake ilikuwa kavu.

"Afadhali ungeniacha. Maumivu yakizidi nilikuwa namtukana moyoni mpaka napata usingizi. Sasa nitamtukana nani?"

Nikamfunika miguu kwa blanketi.

Siku mbili hakusema nami. Alikula kidogo, akanywa dawa, akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Nilikuwa nalala kwa rafiki yangu mtaa wa Mwanjelwa, na kila asubuhi nikija na chupa ya chai nilisimama kwanza mlangoni mwa wodi nikijipa moyo. Niliwaza kwamba nimekosea. Nilifikiri, mwanamke anakufa, ana faraja yake moja mbaya, na binti yake msomi amekuja kuichukua.

Siku ya tatu Baba alikuwepo. Mama aliomba ainuliwe, tukamwegemeza kwenye mito. Akamtazama Baba.

"Mleteni Sekela."

Baba akaanza kusema habari za mganga. Mama akamkatiza. Sijawahi maishani mwangu kumsikia Mama akimkatiza Baba.

"Mgonjwa ni mimi au mganga? Nimesema mleteni."

Mbalizi tulikwenda mimi na Ambakisye. Tulimkuta Sekela sokoni, ameketi nyuma ya mafungu ya maharage, mtoto amelala kwenye kanga. Alituona tukiwa mbali na hakuinuka. Nilipiga magoti kumsalimia kama inavyompasa mama mdogo, ingawa kwa umri tunalingana. Hakuitikia. Akaendelea kupanga maharage yake.

Nilimweleza ugonjwa ni nini. Akacheka kicheko kifupi.

"Mimi ndiye niliyekuwa naosha kile kidonda, Lugano. Nilikuwa nakiona kinavyoota. Unadhani nilihitaji mwalimu aje aniambie si mimi niliyekipanda?"

Nikainamisha kichwa. Alikuwa na haki.

"Alisema maneno gani?" akauliza. "Mama yenu. Alisema nini hasa?"

"Alisema mleteni Sekela."

Alimpepea mtoto nzi. Kisha akafunga maharage kwenye gunia, akamwomba jirani yake wa soko amtazamie, akambeba mtoto mgongoni. "Namfuata yeye," akasema. "Nyumbani kwa baba yenu sirudi. Mkamwambie hivyo, msije mkajifanya hamkusikia."

Wodini hawakukumbatiana. Sekela alisimama kando ya kitanda, akanusa, akanigeukia kwa ukali. "Nani anamwosha huyu?" Nikasema ni wauguzi, na mimi. Akaagiza maji ya moto na chumvi. Akavuta pazia. Kutoka upande wa pili nilisikia maji, nikasikia Mama akiguna, kisha akasema, "Ndaga." Asante. Akalirudia. "Ndaga, Sekela." Baada ya hapo nilisikia wote wawili wanalia, na nikatoka nje nikamkuta Baba amesimama kwenye korido. Alikuwa amesikia. Amezeeka.

Juzi daktari aliwaruhusu wampeleke nyumbani. Ilipatikana Landrova ya mtu wa kwetu aliyekuwa ameleta viazi mjini. Mama alilazwa nyuma kwenye godoro, kichwa kwenye mapaja ya Sekela. Sekela amekubali kukaa naye, ila katika nyumba ya Ambakisye. Baba alikaa mbele na dereva, hakugeuka. Mimi ruhusa yangu ilikuwa imekwisha.

Niliinama kumuaga. Mama akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikudhani amebaki nazo.

"Siku ya kunizika," akasema, "watauliza nani. Unawajua watu wa kwetu. Hawatauliza kwa sauti, watauliza kwa macho, na macho yote yatakwenda kwa huyu."

Sekela akatazama pembeni.

"Kabla hawajafukia, usimame. Wewe ndiye mwalimu. Uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, mpaka wa mwisho aelewe. Usilie kwanza. Kulia utalia baadaye."

Nikasema ndiyo, Mama. Dereva akawasha gari.

Sasa niko hapa. Kesho nina vipindi viwili vya sayansi, na Veronika bado anasubiri jibu lake. Nitampa lote, pamoja na sehemu ile tusiyoijua, kwamba wakati mwingine seli haisikii na hakuna mwanadamu aliyeikosea wala kuituma.

Lakini jioni hii sijaandaa somo la kesho. Nimekuwa nikitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, nasema peke yangu kwa Kinyakyusa, natafuta neno la kiini, neno la kugawanyika, neno la maagizo. Mengine nimeyapata. Mengine nayasema vibaya, naanza upya. Najaribu kuyasema bila sauti kukatika, na mpaka sasa sijafika mwisho hata mara moja.

Naomba siku hiyo ichelewe.

Ikija, nitasimama.