Taa za Bwawa la Baba Mdogo

Scola, niko nje ya geti la baba mdogo Nkwabi, hapa Geita, na begi langu. Nimefukuzwa.

Taa za ndani ya bwawa lake la kuogelea ziliungua, naye alitaka ziwake leo, kipaimara cha binti yake Goodness. Fundi alikosa zile za volti kumi na mbili, zilizo salama majini, akafunga za bustani, moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba. Ndani ya maji, Scola!

Nilimweleza baba mdogo pembeni, kwa heshima, kwamba zikiwashwa watoto wakiwa majini, wanaweza kufa. Akapaza sauti mbele ya wageni: “We ng'wanike, msichana mdogo we, chuo kimekufundisha kuwatabiria watoto kifo siku ya sakramenti?”

Shangazi akaniamuru nipige magoti niombe radhi, ili maneno yangu yasitimie. Nikapiga. Mimi, mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, nikapiga magoti!

Kisha baba mdogo akaiendea swichi. Kabla hajaigusa, akaita kwa upole: “Goodness, Festo, tokeni mje mkate keki.”

Wanawe wawili tu. Wa majirani wakabaki majini wakicheza.

Aliniamini, Scola. Aliniamini neno kwa neno.

Nilikimbia nikazima swichi kuu, muziki ukakatika, nikang'oa nyaya za taa zile. Akasema nimemharibia sherehe.

Na watoto wa majirani, nilipowatoa majini, walinizomea hadi getini.