Uji Uliompa Nyamizi

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi tena kuitikia marahaba, lakini adabu uliyonifunza haikuondoka nawe.

Unakumbuka ulivyonicheka hospitali iliponichagua nifundishwe kazi ya dawa ya usingizi? "Wewe uliyekuwa hulali mpaka uimbiwe," ulisema, "ndiye utakayelaza watoto wa wenzio?" Miaka miwili nilidondosha etha, dawa yenyewe ya usingizi, juu ya kinyago cha waya na shashi kilichofunika pua na mdomo, tone kwa tone, nikihesabu pumzi za watu wazima tu. Watoto walikuja baadaye. Daktari alinionya kwamba kwao kosa dogo huwa kubwa.

Ndipo ukamleta Nyamizi, binti wa dada yangu, vidole vimeshikana kwa kuungua moto. Nilikuagiza asile wala asinywe kitu tangu usiku. Lakini marehemu Babu alikuwa mpagazi wa misafara, na nyumbani kwenu mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, msafiri haondoki na njaa. Usingizi ule nao uliuona safari. Asubuhi ukampa uji wa mtama, ukamfuta mdomo, ukanyamaza.

Katikati ya upasuaji akatapika. Nilimlaza ubavu, nikamwinamisha kichwa, nikamsafisha koo kwa kitambaa. Midomo ilikuwa imeiva rangi ya zambarau. Sijapata kuogopa vile, Bibi. Kisha akavuta pumzi.

Nilitoka nikakufokea mbele za watu barazani. Hukubishana. Ulisema tu, "Ni ujinga wangu, mjukuu wangu." Hukukanyaga tena hospitali. Hata ulipougua mwenyewe ulikataa kuletwa, ukidai utawaharibia watu kazi. Tukakuzika.

Siku hizi nalaza watoto wengi wa Tabora. Nawaambia mabibi waseme walichowapa wajukuu, sitakasirika; wakisema, tunaahirisha. Watu wananisifu kwa upole, nami sifa hiyo inanichoma. Nyamizi anashona nguo Kanyenye na amepata mchumba.

Kuna jambo sikukuambia, nikaacha ufe hujalijua. Nilipomwinamia Nyamizi kabla ya tone la kwanza, nilisikia harufu ya uji kinywani mwake. Vidole vingeweza kungoja hata wiki. Lakini daktari alikuwa amekwisha nawa mikono, akaniuliza kama tuko tayari, nami nikaona haya kumwambia tuahirishe.

Nikamjibu tuko tayari.

Nakuomba radhi, Bibi. Pumzika.

Mjukuu wako